Barua kwa mwanangu: nyota ya babu yako

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza ile nishani ya nyota iliyomo katika kopo la biskuti ni ya nini, nikakujibu haraka tu kwamba babu yako alikuwa Keya. Keya ni askari wa KAR (King's African Rifles), kikosi cha Mwingereza cha Afrika Mashariki, naye alikuwamo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tangu siku hiyo sina amani. Mtu aliyetembea vile hastahili jibu la maneno matatu.

Babu alikuwa batalioni ya 1/6 ya KAR, ya Tanganyika. Pamoja na batalioni ya 5 ya Kenya na 1/1 ya Nyasaland (Malawi ya leo), ndiyo iliyokuwa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, katika jeshi la Mwingereza. Mapema 1941 walitoka Kenya wakapita Somalia, na tarehe 6 Aprili wakaingia Addis Ababa, mji ambao Waitaliano waliutwaa 1936. Mwezi uliofuata Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, akarudi kwake.

Nataka usimame hapa kidogo. Tarehe 19 Mei, pale Colito, kusini mwa Ethiopia, ng'ambo ya mto Billate, vifaru vya Waitaliano viliwageukia askari wa 1/6. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alirukia kifaru kimoja, akakifungua kwa juu, akawapiga bastola waliokuwemo isipokuwa dereva. Kisha akaviendea vingine kwa miguu, na huko akauawa. Mwaka 1945 alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza, na kwa haki kabisa. Lakini hati ya nishani hiyo inasema alipovinyemelea vile vifaru alikuwa na sajini meja Mwafrika na askari wengine wawili. Majina yao hayamo. Walikwenda mahali pale pale, mbele ya risasi zile zile, mwanangu.

Septemba 1942 brigedi ilishushwa Majunga, bandari ya Madagaska, na tarehe 23 ikawa imefika Tananarive, mji mkuu. Babu aliiita Madagaska kwa jina la wazee, Bukini. Hakupenda kusimulia risasi, alisimulia magogo. Wafaransa wa huko, watu wa serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wajerumani, walikuwa wakiangusha miti barabarani kuwazuia, nao wanakata, wanavuta, wanasogea, kisha wanakuta mingine. Alikuwa akinionyesha kiganja chake, mahali mpini wa shoka ulipoacha sugu. Novemba vita vya huko vikaisha. Baadaye brigedi ikapelekwa Burma (Myanmar ya leo), upande wa Arakan, na ya huko babu hakunisimulia neno hata moja. Nami niliogopa kumuuliza.

Nyota uliyoiona ni Nyota ya Afrika (Africa Star), nishani ya waliopigana Afrika: utepe rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati. Igeuze nyuma uitazame. Ni tupu, haina jina la mtu.

Nakutumia hiyo nyota kwa mdogo wako anayekuja huko Ijumaa. Ndani ya kitambaa nimeweka karatasi yenye jina kamili la babu, batalioni yake na brigedi yake, kwa mwandiko wangu. Usivitenganishe.

Baba yako