Tunaoacha pombe Tabora tunakutana wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi seremala hapa Isevya, Tabora, na kazi yangu kubwa ni mizinga ya nyuki, ile ya kisasa ya mbao. Nina miezi 14 sijaonja pombe. Siandiki nipongezwe. Naandika kwa sababu ilinichukua karibu mwaka mzima kumpata mtu wa kukaa naye, wakati kilabu ningekifikia hata nikifungwa kitambaa machoni.

Nilianza na wanzuki, pombe ya asali, kama wengi wa huku, nikapanda hadi viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki. Vilipopigwa marufuku Machi 2017, mke wangu alichinja kuku kwa furaha. Kuku huyo nilimshushia kwa gongo.

Watu humjua mlevi usiku anapoyumba, lakini mwenyewe hujijua asubuhi. Nilikuwa siwezi kushika penseli mpaka nizimue. Mfuniko wa mzinga unatakiwa ukae sawasawa, ukiacha upenyo wadudu wanaingia. Mistari yangu ilikuwa inapinda kama njia ya siafu. Mteja mmoja wa Sikonge alinirudishia mizinga sita, akaipanga mlangoni pa karakana, akaondoka bila kusema neno. Siku hiyo nikaamua basi.

Nikakosea namna ya kuacha. Nilikata ghafla, nimejifungia chumbani peke yangu. Siku ya tatu nikaanguka degedege. Majirani wakasema nimerogwa, mdogo wangu akasema hospitali. Nilitibiwa vizuri, na daktari akanieleza jambo ambalo lingefaa kutangazwa redioni kila wiki: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asikate ghafla akiwa nyumbani, kwa sababu siku mbili tatu za mwanzo mwili unaweza kumgeuka hata akafa. Aende asimamiwe, apewe dawa. Ila siku ya kuruhusiwa nilipouliza, "Nikitoka hapa niende kwa nani?" nilijibiwa, "Baba, wewe jikaze tu."

Kujikaza nilikwishajikaza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kinachonishinda ni saa 12 jioni: karakana imefungwa, miguu inaijua njia yenyewe. Nikauliza kanisani, wakaniombea, nikashukuru, jioni ikafika vilevile.

Ndugu yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyenisomea kwa simu habari za Alcoholics Anonymous, wale wanaokutana bila kutajana majina kamili. Zile hatua zao 12 sikuzishika siku hiyo. Nilichoshika ni walivyoanza. Mwaka 1935 Mmarekani mmoja, Bill Wilson, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, mbali na kwake, biashara iliyompeleka imeharibika, na baa iko palepale anaisikia. Akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Ndivyo alivyofikishwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, naye mnywaji hasa. Wakaanza wawili. Huku kwetu wangeambiwa kwanza walete katiba, mhuri na mweka hazina.

Na mimi nikatafuta mlevi mwenzangu. Nilimpata kijana wa bodaboda aliyekuwa anakuja kuchukua maranda ya banda lake la kuku. Nilimtambua kwa mikono, alivyoushika mdomo wa gunia.

Sasa tuko watano, kila Alhamisi jioni, palepale karakanani. Chai, matobolwa, karanga. Kanuni ni moja: unasema ya kwako, humshauri mwenzio. Yumo mama mmoja anayetengeneza na kuuza wanzuki, ndiyo inayosomesha watoto wake, na pombe haiuzwi bila kuonjwa. Aliposema hivyo tulikaa kimya muda mrefu. Mimi ningesema nini, asali yenyewe inatoka kwenye mizinga ninayoipigilia misumari? Siku hizi anayeonja ni mwanawe mkubwa, na hilo nalo halinipi usingizi.

Tuliomba chumba cha kukutania, maana mvua ikipiga bati hatusikilizani. Tukajibiwa kwamba walevi wataleta fujo. Wanaoleta fujo wako kilabuni, bwana, na kilabu kina chumba.

Ombi langu ni dogo. Kwenye zahanati, vituo vya afya na ofisi za mitaa, ibandikwe karatasi inayosema watu wa namna yetu wanakutana wapi na siku gani, ili anayeruhusiwa hospitali atoke na anwani mkononi. Na kama kuna wenzetu Nzega, Urambo au Igunga wanaokutana kimyakimya kama sisi, waandike hapa gazetini, hata kwa mistari miwili.

Kuna la wake zetu pia. Ndugu yangu alinisomea kwamba mke wa Wilson, Lois, mwaka 1951 alishiriki kuanzisha vikundi vya familia za walevi. Nilimsimulia mke wangu, akaguna tu. Yeye ndiye anayetuletea chai, kisha husimama nje ya mlango mpaka tumalize. Alhamisi iliyopita nilipotoka nilikuta ameweka kigoda.

Jina limehifadhiwa,
Isevya, Tabora