Asante kaka wa Bunju

Kaka uliyesimama Bunju Jumamosi ile baiskeli yangu ilipopata pancha ya pili, ukanipa tyubu yako ya akiba, asante sana. Sikukuuliza hata jina. Ulibonyeza tairi langu la milimita 23 ukasema ni jembamba mno kwa mtu anayekwenda kazini Posta, katikati ya Dar es Salaam, kila siku, na mwisho wa wiki anaendesha hadi Bagamoyo. Ukapima kwa vidole nafasi iliyopo kwenye fremu: la 28 litaingia, lenye utepe wa kuzuia miiba, na nisijaze upepo mpaka kikomo kilichoandikwa ubavuni. Nimefuata yote. Mikono haifi ganzi tena, kaka! Tyubu nyingine nimeshanunua, nakutunzia.