Karatasi ya akina mama iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Mwaka 2015 nilikuwa karani mwongozaji wapiga kura katika kituo kimoja hapa Missenyi. Kazi yenyewe ni kunyoosha foleni, kuwatanguliza wazee, wajawazito na wenye watoto mgongoni, na kuamua ugomvi wa nani alimkuta nani. Mama mkwe wangu alifika asubuhi akiongozwa na mjukuu. Akapewa karatasi zake tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Akazihesabu, akazihesabu tena, kisha akaniita kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Mwanangu, na ya akina mama iko wapi?"

Watu walicheka. Mimi nilijua anachouliza. Mama alizaliwa Rakai, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, akaolewa huku Tanzania. Dada zake waliobaki Uganda hupiga kura ya mbunge mwanamke wa wilaya kwa karatasi ya peke yake, yenye wagombea wanawake watupu. Alikuwa amesikia kwamba na sisi tuna wabunge wa viti maalum, yaani viti vya bungeni vilivyotengewa wanawake, kwa hiyo alitaka karatasi yake. Nikamwambia, "Mama, huku haipo." Akaniangalia kama nimempunja chenji.

Nimeandika barua hii kwa sababu nasoma kwenye gazeti lako mabishano yaleyale kila mwaka: viti maalum vifutwe, viti maalum viongezwe. Wanaobishana hawasemi kwamba kura ya viti maalum tunaipiga, ila hatuambiwi. Katiba, ibara ya 66 na ya 78, inataka wabunge wanawake wasiopungua asilimia 30, na nafasi hizo zinagawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge. Maana yake ukimpigia kura mgombea ubunge wa jimbo lako, hata kama ni mwanaume mwenye ndevu hadi kifuani, kura hiyohiyo inaenda pia kukipa chama chake wanawake bungeni. Ni wanawake gani? Utawasikia redioni matokeo yakishatoka. Katika semina ya makarani nilifundishwa wino unapakwa kidole gani. Hilo la kura yenye mimba sikufundishwa, na sikuwahi kumsikia mgombea yeyote akilieleza jukwaani.

Majina yanapangwa ndani ya vyama, kwa kura za wajumbe wa mikutano yao. Na nchi nzima inajua msemo kwamba wajumbe si watu wema. Mwanamke anayetaka kurudi bungeni hahitaji kunijua mimi wala mama mkwe wangu. Anahitaji kuwajua wajumbe mia kadhaa wa mkoa, na kujua wanalala wapi siku ya mkutano. Halafu tunamlaumu kwamba haonekani kijijini! Angekuja kufanya nini, wakati aliyempa kiti hayuko kijijini?

Yaliyotokea baada ya uchaguzi wa 2020 yanaonyesha udhaifu huu kuliko hoja yangu yoyote. Wanawake 19 wa Chadema waliapishwa Novemba mwaka huo. Chama chao kikasema hakikupeleka majina, kikawafukuza uanachama, nao wakaendelea kukaa bungeni huku kesi ikienda. Sitaki kuamua nani alikuwa mkweli. Ninachojua ni kwamba mwananchi wa kawaida hakuwa na pa kutazama, kwa sababu hakuwahi kuiona orodha hiyo ikiwa imebandikwa popote kabla ya kupiga kura.

Msinielewe kwamba nataka viti hivi vife. Vilianza 15 mwaka 1985 na kufikia 113 mwaka 2020, wakati wanawake walioshinda majimboni mwaka huo hawakufika 30 katika majimbo 264. Ondoa viti maalum uone Bunge litakavyobaki. Rais Samia mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa viti maalum, na mwaka 2010 akasimama Makunduchi akashinda jimbo. Hapa kwetu Nkenge, mwaka huohuo wa 2010, tulimpa jimbo Asumpta Mshama, kwa hiyo wanaume wa kijiweni wanaosema jimbo halimwamini mwanamke wakaongee na baba zao. Lakini mbunge wa viti maalum anabaki na sura ya mgeni. Mfuko wa jimbo, zile fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo, haumhusu, na hata uwaziri mkuu hawezi kuupata, maana ibara ya 51 inataka mbunge wa jimbo.

Uganda nako si peponi. Shemeji zangu wananiambia mwanamke akitaka jimbo la kawaida anaambiwa asubiri karatasi ya wanawake, yale mengine ni ya wanaume. Hata hivyo wanamjua mbunge wao, na uchaguzi ukifika wanaweza kumtoa.

Mimi naomba jambo dogo kabla ya hilo kubwa la kubadili katiba. Kila chama kitoe orodha ya wanawake wake, kwa mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa mwisho, na ibandikwe kwenye ukuta wa kituo pale yanapobandikwa majina ya wapiga kura, wiki moja kabla. Baada ya siku hiyo jina lisihamishwe. Gharama ni karatasi na gundi.

Mama mkwe bado yupo, macho tu yamepungua. Orodha ikibandikwa nitamsomea mwenyewe, na foleni nzima itasikia, kwa sababu miaka 34 ya ubao na chaki haikunimaliza sauti.

Mwalimu mstaafu,
Bunazi, Missenyi