Mpagazi wako na mzigo wake

Ujiji, Kigoma

Swahiba wangu,

Nisalimie mama, mwambie asali ilifika salama na chupa moja imeshakwisha. Gemu uliyoitengeneza nimeicheza siku mbili mfululizo.

Nianze na linaloniuma. Mpagazi wako anatoka Tabora na pembe za ndovu begani, na kabla hajafika mto Malagarasi ameshapigana mara kumi na moja. Kati ya pambano na pambano umetuwekea maongezi marefu. Mdogo wangu aliyaruka yote. Alipofika mtoni hakujua hata jina la mtu anayemchezea. Simlaumu. Vita na hadithi yako vinapokezana kama walinzi wa zamu, havionani kamwe.

Unaikumbuka Mass Effect 3 ya 2012? Mwanzoni tu inakuuliza: unataka mapigano, hadithi, au vyote? Naipenda gemu ile, lakini swali lile liliniudhi. Sasa tazama Final Fantasy VII ya 1997. Aerith, msichana wa kikosi chako, umemkuza mwenyewe, pambano baada ya pambano, ukamtegemea akuponye. Anauawa. Baadaye unapanga kikosi, unamtafuta, hayupo, na uwezo wote uliomjengea umekwenda naye. Nililia, na kilichoniliza ni ile nafasi yake tupu. Halafu Undertale ya 2015: unaweza kuimaliza yote bila kuua hata adui mmoja, kwa hiyo kila pambano linakuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Hapo ndipo nataka gemu yako ifike.

Basi upe mzigo uzito. Mwenzake akiugua njiani, mchezaji aamue: aubebe na mzigo wa mgonjwa, au autelekeze porini? Akiubeba, awe mzito vitani, apigwe kabla hajageuka. Hutahitaji kutuambia kwamba anampenda rafiki yake, mabega yatasema. Na mtoni weka hongo, yaani ushuru wa njia, maana misafara ililipa kweli ili ipite, kwa nguo na shanga. Asiyetaka kumwaga damu alipe. Lakini kama nguo zilizobaki zimo kwenye mzigo wa mgonjwa tu, naye ameshautelekeza? Itabidi apigane. Pambano hilo moja lina thamani kuliko yale kumi na moja. Ningeyafuta manane bila huruma.

Maneno ya yule mzee mganga usiyaguse, ni mazuri mno.

Nikija na treni mwezi ujao, nataka nianzie pale mtoni.

Wako wa Ujiji