Barua kwa mwanangu anayetaka kuamua kwa akili peke yake

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kwamba hapa nyumbani sote hatujambo, na bibi yako anakuombea dua kila amalizapo kuswali. Barua yako imenifikia pamoja na karatasi uliyochora jedwali, upande mmoja kazi ya Doha na upande wa pili kazi uliyo nayo Nairobi, kila jambo likiwa limepewa alama kuanzia 1 hadi 10: mshahara, nyumba, masomo ya jioni, joto, nauli, umbali. Chini yake umeandika kwamba safari hii umeuweka moyo kando na unataka akili peke yake ikate shauri. Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha kitako kukuandikia, badala ya kukupigia simu.

Tazama kwanza namna tunavyozungumza sisi wenyewe. Bibi yako akitaka kueleza kwamba aliwaza jambo, husema, "Nikasema moyoni mwangu." Aliyekusudia kitu amekitia moyoni, na aliyeshika somo amelihifadhi moyoni. Nilipokuwa msichana wa chuo cha uuguzi niliyaona maneno hayo kuwa ya watu wa kale wasiojua kwamba moyo ni msuli wa kusukuma damu. Baada ya miaka zaidi ya thelathini wodini, nawaheshimu waliotuachia lugha inayomweka mwenye kuwaza na mwenye kuhisi katika chumba kimoja.

Yuko daktari wa neva aitwaye Antonio Damasio, mzaliwa wa Ureno, aliyefanya kazi miaka mingi huko Iowa, Marekani. Aliwachunguza watu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu kidogo ya macho. Baadhi yao walikumbuka vizuri, walihesabu vizuri na kuzungumza vizuri, ila hisia zao zilikuwa zimepoa. Mmoja wao aliambiwa achague kati ya siku mbili za kurudi kliniki. Akatoa kalenda yake, na kwa karibu nusu saa akawa anaeleza kwa utaratibu kabisa faida na hasara za siku hii na za siku ile, miadi yake mingine, hata hali ya hewa, bila kufika popote. Daktari alipomwambia aje siku ya pili, alijibu kwamba ni sawa, akaenda zake. Hakuna sababu iliyompita mtu yule. Kilichokosekana ni ule uzito unaotufanya tuhisi kwamba jambo hili lina maana kuliko lile, na kwamba sasa yatosha. Nilipoisoma karatasi yako nilimkumbuka yeye, nikaingiwa na wasiwasi.

Utaniuliza, je, wewe si umetoa alama? Umetoa, na hapo ndipo ninapotaka utulie. Umeyapa masomo ya jioni alama 8 na joto alama 3. Nani aliyekuambia kwamba masomo ni 8? Hakuna mizani wala rula iliyotoa namba hiyo. Uliyafikiria masomo, ukahisi kitu kifuani, kisha ukakipa kitu hicho vazi la namba. Moyo hukuuweka kando, mwanangu. Umeufunika tu, na moyo uliofunikwa huwezi kuuhoji.

Sitaki unielewe vibaya, ukadhani kwamba mama yako anakwambia ufuate kila hisia. Nimeumizwa na hisia zangu zaidi ya mara moja. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Wewe ulikuwa hujazaliwa, nami nilikuwa nikikaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kufanya kazi kisiwani. Sikuwa ndani ya feri ile, lakini nilizipokea familia zilizokuja kutafuta watu wao, na kwa miezi mingi baadaye, kila nilipokanyaga feri ya Likoni, miguu ililegea na mikono ikalowa jasho. Nilijua kwamba safari ni ya dakika chache na kwamba maelfu ya watu huvuka kila siku. Nilijisomea hoja hizo kama mtu anayemsomea kiziwi. Hofu haikusikia. Hata hivyo akili ilikuwa na kazi moja iliyoiweza: ilinipeleka pale kila asubuhi, ikanisimamisha karibu na ukingo, ikanifanya nizitazame meli zikiingia Kilindini badala ya kutazama maji chini yangu. Hofu ilipungua kwa kuvuka, siku baada ya siku, mpaka nikajikuta nafika ng'ambo nikiwa nawaza mboga za jioni. Tangu hapo naamini kwamba hisia haiondoki kwa kuamriwa wala kwa kushindwa hoja, bali hujifunza polepole kutokana na mahali akili inapoupeleka mwili.

Hasira ni ngumu zaidi, na hili nakueleza kwa uchungu. Ulikuwa darasa la tatu mjomba wako alipoiuza mashua ya marehemu babu yako bila kunishauri. Nilimtumia maneno ambayo sitayarudia hapa, na kwa miaka mitatu sikukanyaga kwake. Hata arusi ya binti yake, ambaye nilimpokea mimi mwenyewe alipozaliwa, sikwenda. Nimeifikiria hasira ile mara nyingi. Iliponiambia kwamba nimedharauliwa, ilisema kweli, kwa maana mali ya urithi haiuzwi na mmoja, na isingekuwa hasira hiyo ningejifanya sijaona. Lakini iliendelea kuniambia kwamba ndugu yangu amenichukia siku zote na kwamba kunyamaza kwangu kutamfunza adabu, na hayo mawili niliyaamini bila kuyapima, kwa sababu yalikuja na sauti ileile iliyosema kweli mwanzoni.

Kuna sababu ya kimwili. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, nayo huitwa amigdala. Ikihisi hatari inaweza kuuamsha mwili kabla hatujapata nafasi ya kufikiri: adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Mtu katika hali hiyo yuko tayari kukimbia au kupigana, na si tayari kuandika barua kwa ndugu yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha aliyeghadhibika akiwa amesimama kwamba akae, na hasira isipomtoka alale. Wodini nimewaona jamaa wa wagonjwa wakiingia kwa kelele, na wengi wao, walipopewa kiti na maji na kusikilizwa, waliuliza maswali ya maana kabisa baada ya robo saa. Kiti hakikuwaondolea machungu yao. Kiliwapa muda wa kuyatamka.

Jambo moja zaidi kuhusu jedwali lako. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba kwa kawaida uchungu wa kupoteza kitu huwa mkubwa kuliko furaha ya kupata kitu cha kiasi hichohicho. Basi uangalie upande wa Nairobi: ni mambo mangapi umeyapa alama za juu kwa kuwa unayapenda, na ni mangapi kwa kuwa tayari unayo? Ofisi ambayo mwaka jana ulikuwa ukiilalamikia kila wiki, leo umeipa 7.

Sijakwambia uende wala ubaki, na sitasema, kwa kuwa mimi pia nina hisia katika jambo hili, nazo hazijatulia kiasi cha kukushauri. Nakuomba tu kabla ya kutia sahihi ulale siku mbili ukijiona umekwisha kubali, kisha siku mbili ukijiona umekwisha kataa, na asubuhi ya kila siku uandike ulivyoamka: mwepesi au mzito, na kwa sababu gani. Sababu hizo uzihoji moja moja, kama unavyoihoji michoro ya majengo yako.

Halafu iko safu ya mwisho, uliyoiita "kuwa mbali na mama", ambayo umeipa alama 4. Nimeona kwamba uliandika namba nyingine kwanza, ukaifuta kwa raba, na kivuli chake bado kimebaki kwenye karatasi. Sikulaumu kwa ile 4. Ukija Idi, njoo na karatasi hiyo, tukae barazani, unieleze ile ya kwanza ilikuwa ngapi na kwa nini uliifuta.

Wako akupendaye,
Mama