Historia ya chuo haiishii kwa "mwanamke wa kwanza"

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kitu kuhusu wanaotafiti historia ya rangi na jinsia vyuoni. Kazi yao naiheshimu sana, ila wengi wakishapata mwaka ambao chuo kilimpokea mwanamke wa kwanza au mweusi wa kwanza basi, faili linafungwa. Mi naona hapo ndo utafiti ulitakiwa uanze.

Chukua Oberlin, kile chuo cha Ohio kule Marekani. Kiliamua kupokea weusi 1835, wanawake wakaingia kozi ya digrii 1837, na 1862 akamaliza pale Mary Jane Patterson, anayetajwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata digrii. Ukiishia hapo utapiga makofi. Lakini wasichana wa chuo hichohicho walikuwa wanawafulia wenzao wa kiume nguo, wanawasafishia vyumba na kuwaandalia meza, na Lucy Stone, aliyekuja kuwa mpigania haki za wanawake, alipomaliza 1847 aligoma kuandika hotuba ya mahafali kwa sababu ingesomwa na mwanaume, yeye mwenyewe haruhusiwi kuisoma mbele ya watu. Na mwaka uleule wa Patterson, Edmonia Lewis, mwanafunzi mweusi wa palepale aliyekuja kuwa mchongaji sanamu maarufu, alishtakiwa kwamba kawawekea sumu wasichana wawili wazungu, akavamiwa akapigwa vibaya sana, mashtaka yakaanguka ila chuo hakumaliza. Diploma yake imetolewa 2022, mwenyewe alishafariki tangu 1907! Mwaka mmoja, chuo kimoja, utaandikaje la Patterson uliache la Lewis?

Halafu hata rejista usiziamini moja kwa moja. Anita Hemmings, msichana mweusi, alisoma Vassar, chuo cha New York kilichokuwa cha wanawake tu, akijulikana kama mzungu, siri ikafichuka karibu na mahafali ya 1897 baada ya baba wa msichana aliyekaa naye chumba kimoja kumwajiri mpelelezi. Anayehesabu majina tu angempita hivihivi. Na wanawake wengi wakiolewa wanabadili jina, kwa hiyo unamtafuta kwenye magazeti ya miaka ya mbele humuoni, unaandika hajulikani alikoishia, kumbe yupo, kwa jina la mume.

Kwa hiyo jamani tusome na mihtasari ya vikao vya bodi, sheria za mabweni, barua za wazazi, na hasa madaftari ya mishahara, manake pale ndo unaona nani kalipwa kidogo kwa kazi ileile, na pale ndo unawakuta wapishi na wafagizi ambao kwenye picha za mahafali hawamo kabisa. Wale ambao bado wako hai wahojiwe sasa hivi, wasisubiriwe mpaka chuo kifanye sherehe ya miaka kadhaa.

Na wakuu wa vyuo wafungue mafaili ya malalamiko ya zamani, majina ya watu wayafiche kama lazima, lakini mafaili yasomwe.

Ni mimi msomaji wenu