Kabla ya konjelateri, jua sahani moja inakutoka ngapi

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala yenu inayowashauri vijana wa Lubumbashi wanunue haki ya kutumia jina la restora kubwa la nje, kama McDonald's ya Marekani, badala ya kuhangaika na restora zao za mtaani. Nina la kusema, ingawa mimi si mpishi wala mwenye restora.

Mimi ni fundi wa frigo na konjelateri, yaani friji na friza, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, Kongo. Natengeneza, nauza, na zaidi ya hayo nanunua vyombo vya watu waliofunga. Restora ikifa, mara nyingi ninafika pale kabla mwenye nyumba hajabadilisha kufuli. Kazi hiyo inanilisha, sitaficha. Lakini tukishapatana bei huwa ninauliza swali moja: "Mama, sahani moja ya bukari (ugali) na kuku ilikuwa inakutoka franka ngapi, yaani inakugharimu ngapi?" Karibu wote wananijibu walikuwa wanaiuza ngapi. Hilo sikuuliza.

Tupige hesabu kidogo. Nachukua dola moja kwa franka 2,500 ili isitusumbue. Sahani unaiuza 6,000. Kipande cha kuku, unga, mafuta, nyanya, vitunguu, makaa na sabuni ya kuoshea vyombo, tuseme vinakula 4,000. Zinabaki 2,000, na wengi wanaishia hapo, wanaona wamepata. Sasa nyumba ni dola 300 kwa mwezi, yaani franka 750,000. Ukifungua siku 25, kila siku unadaiwa 30,000: sahani 15 zimekwenda kwa mwenye nyumba. Mpishi na msichana wa kupakua, dola 200 wote wawili: sahani 10. Petroli ya jenereta 16,000 kwa siku: sahani 8. Jumla 33. Sahani ya 34 ndiyo inaanza kukulisha wewe, na bado sijagusa patente (leseni ya biashara ndogo), kodi, maji, wala shemeji anayekula vizuri, anafuta mdomo na kusema, "Andika."

Kila mtu aweke bei zake mahali pa zangu. Ila hesabu hiyo irudiwe kila dola inapotembea, maana kuku wa katoni na mafuta vinafuata dola, na mteja anakulipa franka. Wa bukari wana mzigo mwingine tena: Zambia ikikumbwa na ukame, kama mwaka 2024, unga unaopita mpakani Kasumbalesa unapanda bei, na mteja hataki kusikia habari za mvua ya Zambia. Wengine wanapunguza bukari kimyakimya. Watu wa hapa wanajua donge la bukari kwa macho, msijidanganye. Afadhali kupandisha bei waziwazi, au kuondoa chakula kimoja kinacholala kila jioni.

Juu ya hilo la kuondoa, hao Wamarekani mnaowasifu walilifanya kabla ya kuwa wakubwa. Ndugu wawili wa McDonald, wa San Bernardino kule California, walichunguza mauzo yao wakaona pesa nyingi inatoka kwenye hambaga. Mwaka 1948 wakafunga kwa muda, wakapanga jiko upya, wakarudi na orodha fupi ya vitu tisa tu. Mfanyabiashara Ray Kroc alikuja baadaye, akafungua ya kwake kwa jina hilohilo mwaka 1955, na jina likaenea. Hapa kwetu nimeona orodha ya vyakula 30 ukutani, na jikoni kuna bukari, sombe (kisamvu) na samaki wa tomsoni. Vingine vyote ni "vimeisha". Mwenyewe alikuwa ameshanunua konjelateri tatu kwa ajili ya hiyo orodha. Ninazo sasa.

Turudi kwenye kununua jina. Makala yenu imetaja ada ya kuingia, haikutaja asilimia ya kila mwezi. Asilimia hiyo kwa kawaida inakatwa kwenye mauzo, haingoji kuona kama umepata faida. McDonald's kwa restora mpya za Marekani ilikuwa asilimia 4, na tangu Januari 2024 ni 5. Chukua hiyo 5 uitie katika sahani yetu: katika 6,000 zinatoka 300, zile 2,000 zinakuwa 1,700, na sahani zako 33 zinakuwa 39. Kuna na mchango wa matangazo, kuna na vifaa wanavyokulazimisha kununua kwao. Inawezekana jina likakuletea hao wateja sita wa ziada na wengine mia juu yao. Sikatai. Ila uwe umewahesabu kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Marekani inamlazimisha mwenye jina kumpa mnunuzi karatasi za maelezo yote siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Hapa Lubumbashi hakuna anayekukataza kuomba vilevile: maelezo kwa maandishi, wiki mbili za kuyasoma, na simu za watu watatu waliokwisha kununua, yule aliyefunga akiwa mmoja wao.

Jambo ambalo limewaua wengi kuliko kuku kuoza ni mkataba wa nyumba. Kamalondo, komini nyingine ya hapa, kulikuwa na mama wa samaki, saa sita mchana huwezi kupata kiti. Mkataba wake ulipoisha, mwenye nyumba alimtoa, na kabla ya mwezi kwisha jamaa yake akawa anauza samaki palepale. Mama huyo hakujua kwamba sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo zinatumika nchini kwetu tangu tarehe 12 Septemba 2012, zinampa mpangaji wa biashara haki ya kuomba mkataba upya akiwa amefanya kazi pale angalau miaka miwili. Mkataba ukiwa na tarehe ya mwisho, lazima aombe kabla ya miezi mitatu ya mwisho kuanza, tena kwa njia itakayoonyesha kwamba mwenye nyumba amepokea. Akichelewa, haki imekwenda. Akiomba kwa wakati na mwenye nyumba akamkatalia bila sababu inayokubaliwa na sheria, kuna fidia ya kulipwa. Wakili mmoja ninayemtengenezea frigo ndiye alinionyesha. Andikeni tarehe hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye (daftari) ya hesabu.

Sasa konjelateri, maana hapo ndipo ninapojua zaidi. Mimi ninaziuza, lakini nasema: usianze nayo. Miezi ya kwanza nunua asubuhi, pika, maliza. Pesa ya kuku wa wiki mbili ikilala kwenye barafu haifanyi kazi, na umeme ukikatika inaoza. Wateja wenyewe watakulazimisha kununua siku moja, na hapo chukua ile inayofunguliwa juu. Hewa baridi ni nzito, inabaki chini unapofungua. Ile ya mlango wa mbele inaimwaga miguuni mwako. Ipime kwa kipimajoto, iwe digrii 18 chini ya sifuri. Ikijaa na usipoifungua inaweza kushikilia baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu jaza chupa za maji. Nyama iliyoyeyuka ikapoteza ubaridi zaidi ya saa mbili, itupe, hata roho ikiuma.

Umeme ukikatika chomoa. Ukirudi, ngoja dakika tano kabla ya kuchomeka, maana wimbi la kwanza ndilo linaunguza kompresa, na stabilizateri (kifaa cha kutuliza umeme) ya bei rahisi haiwezi kuzuia kila kitu. Iweke mbali na jiko na mbali kidogo na ukuta, na futa vumbi na mafuta nyuma kila mwezi. Restora nyingi zinaniita kwamba gesi imeisha, nafika nakuta masizi tu.

Ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ili uisikie ikianza ikiwa bado haina baridi. Bana karatasi kwenye mpira wa mlango. Ikitoka bila kuvutika, mpira umekwisha. Soma kibandiko: ikiandikwa R600a, gesi hiyo inawaka, usimpe fundi anayetaka kuichomelea kwa moto gesi ikiwa bado ndani. Na mkija kwangu, njooni mapema asubuhi, kabla umeme haujakatika.

Fundi wa frigo,
Komini ya Kenya, Lubumbashi